Mianya ya Kanuni: Vita vya Shax na Bao

Shax huanza kwa vita ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuua. Wachezaji wawili huchora miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, wakaiunganisha kwa mistari inayopita katikati ya kila upande, na hapo hupatikana vituo 24. Kila mmoja ana kokoto 12. Wanaziweka moja moja kwa zamu, na hata mtu akifaulu kupanga tatu kwenye mstari mmoja, mpango unaoitwa jare, haondoi kitu. Anaendelea kuweka tu. Kokoto ya mwisho inapotua, vituo vyote 24 vimejaa na hakuna jeshi linaloweza kupiga hatua hata moja.

Mchezo huu ni wa Wasomali, na umekwenda nao kila walikohamia. Kaskazini mwa Kenya umeenea katika nchi ya malisho ambamo Merti imo. Merti ni mji wa Waborana kwenye mto Ewaso Nyiro, katika kaunti ya Isiolo. Waborana ni Waoromo, na Waoromo wana michezo yao ya mashimo. Mwanahistoria Richard Pankhurst aliiorodhesha mwaka 1971 pamoja na mingine mingi ya Ethiopia na Pembe ya Afrika. Isiolo mjini, kwa upande wake, ina Wasomali wa Isahakia, ambao wazee wao waliwahi kuwa askari wa Waingereza na wakapewa makazi hapo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo katika kaunti hii moja zimekutana jadi mbili za kupigana bila damu: ile ya kokoto kwenye mistari na ile ya kete kwenye mashimo. Ukishuka hadi pwani inaongezeka ya tatu, bao la Kiswahili, ambalo kwa wingi wa kanuni zake za ajabu halina mwenzake Afrika Mashariki.

Zote tatu zinafundisha jambo ambalo vitabu vya michezo hulipita haraka. Kanuni zinazoonekana kuwa na kasoro, zile za pembeni zenye “isipokuwa” na “labda kama”, ndizo zinazotenganisha fundi na mwanafunzi. Anayezitumia si mdanganyifu. Mdanganyifu huvunja kanuni, ilhali fundi huitii hadi mwisho wake, mpaka mahali ambapo mpinzani hakuwahi kufika.

Shax ni mfano mwepesi wa kuanzia. Ubao ukishajaa, lazima mtu aondoe kokoto ya mwenzake ili papatikane nafasi. Haki ya kuondoa kwanza ni ya yule aliyekuwa wa kwanza kupanga jare wakati wa kuweka. Kisha mpinzani naye anaondoa moja, na ndipo mwendo unaanza. Katika hatua ya kuweka, basi, jare ya kwanza ina thamani kubwa na ya pili haina thamani yoyote. Mgeni wa mchezo hulijua la kwanza, lakini la pili humponyoka. Akishatangulia kupata jare moja huendelea kutafuta nyingine, na kokoto zake zinakwisha kwenye mistari ambayo haitamlipa. Mzoefu aliyeshindwa mbio hizo hubadilisha kazi papo hapo. Anaacha kufuata mistari na kuanza kuzizingira kokoto za mwenzake, kwa sababu anajua kwamba baada ya maondoleo mawili ubao utakuwa na nafasi mbili tu, na kokoto isiyo jirani na mojawapo haitatembea.

Kuna mwanya mwingine ndani ya huo. Jare iliyopangwa wakati wa kuweka haiui baadaye kwa kule kuwapo kwake. Ili iue lazima ifunguliwe kwa kusogeza kokoto moja, kisha ifungwe tena. Kwa hiyo mistari mizuri iliyokamilika mapema inaweza kugeuka gereza kwa mwenyewe, kwa kuwa kokoto zake zimebanana na hazina pa kutokea. Aliyeacha mistari miwili ikiwa na upungufu wa kokoto moja moja, na kokoto moja kati yake inayoweza kwenda na kurudi, hufunga mstari mmoja kila anapoufungua mwingine, na kila zamu anaondoa kokoto ya adui. Mchezo ukifika hapo umekwisha, hata kama zamu nyingi zimebaki.

Shax ina huruma moja ambayo nayo huchezewa. Mchezaji aliyezibwa kabisa hashindwi kwa sababu hiyo, bali mpinzani wake anatakiwa kumfungulia njia. Katika michezo mingi ya ubao mtu asiye na mwendo amepoteza, au mchezo unahesabiwa sare. Hapa mzigo unamwangukia aliyeziba. Atakayemziba mwenzake bila kufikiri atajikuta akisogeza kokoto ambayo hakutaka kuisogeza, pengine akibomoa kazi yake mwenyewe. Anayezidiwa anaweza kuupokea mzingiro huo kwa makusudi na kusubiri mwenziwe alazimike kuufungua.

Swali la mtu asiye na mwendo limewasumbua watunga kanuni duniani kote. Katika sataranji, ambayo jina lake la kale la Kihindi linataja vikosi vinne vya jeshi, mfalme asiyeshambuliwa lakini asiye na pa kwenda amewahi kupewa hukumu tofauti kwa nyakati tofauti. Katika mchezo wa zamani wa Waarabu na Waajemi, aliyemfikisha mwenzake hapo alishinda. Uingereza ya karne ya 17 na ya 18 iligeuza hukumu hiyo chini juu: aliyekwama ndiye aliyehesabiwa mshindi, kama adhabu kwa aliyekuwa na jeshi kubwa akashindwa kulitumia vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza nao wakakubali kwamba ni sare. Vipande na ubao havikubadilika, lakini kila hukumu ilizaa mbinu zake na kuzifuta za mwenzake.

Bao la Kiswahili ndilo linalostahili nafasi kubwa zaidi. Lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo 8. Kila mchezaji anamiliki safu mbili na kete 32, na jumla yake ni 64. Wanaoanza hufundishwa bao la kujifunza, ambamo kila shimo lina kete 2 na mchezo unaanza moja kwa moja. Bao lenyewe halianzi hivyo. Mashimo yakihesabiwa kutoka kushoto kwa mchezaji, shimo la 5 la safu ya mbele ni nyumba, ambalo kwenye mbao nyingi huchongwa mraba ili litofautiane na mengine. Humo huwekwa kete 6. Shimo la 6 na la 7 hupata kete 2 kila moja. Na kete 22 zilizobaki hukaa mkononi. Kila zamu kete moja ya mkononi inaingia ubaoni. Hatua hii inaitwa kunamua, na hudumu mpaka mikono yote miwili iwe mitupu. Baada yake inafuata hatua ya mtaji, ambamo kete zote zimo ubaoni na mchezaji anaanza kwa kuchota kutoka shimo lake.

Sheria kubwa ni kula. Mchezaji akitia kete katika shimo lake la mbele lenye kete, na shimo la adui linalotazamana nalo lina kete pia, anazichukua zile za adui na kuzisambaza upande wake, akianzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia mahali panapoweza kula tena, anakula tena. Ikiangukia shimo lenye kete lisiloweza kula, anazichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, analala, na zamu inahamia kwa mwenzake. Kula ni wajibu: palipo na cha kula hairuhusiwi kufanya jambo lingine. Na ikiwa hakuna cha kula, mchezaji anatakata, yaani anasambaza kete zake bila kula, na zamu iliyoanza kwa kutakata haigeuki kuwa ya kula hata kete ya mwisho iangukie mahali pazuri kiasi gani.

Wajibu huu wa kula ni mwanya wa kwanza, na unafunguka tangu zamu ya kwanza kabisa. Kwa mpangilio wa kuanzia, hakuna shimo la mbele lenye kete linalotazamana na shimo lenye kete la mpinzani. Shimo la 5 la mmoja linalitazama la 4 la mwenzake, la 6 linalitazama la 3, na la 7 linalitazama la 2. Kwa hiyo anayeanza lazima atakate. Akitia kete katika shimo lake la 6 na kusambaza kulia, anapata usalama lakini hatishi chochote. Akisambaza kushoto, kete moja inaingia nyumba yake, moja inatua shimo la 4 na moja shimo la 3, analala. Sasa ana kete mbili zilizo peke yake mbele ya jeshi la adui, na adui amelazimika kula.

Mlo wenyewe ni kete moja tu, lakini uchaguzi wa njia ni mtego. Adui anaweza kula kwa shimo lake la 6, au kwa nyumba yake. Akila kwa la 6, anaichukua kete iliyo kwenye shimo la 3 na kuiacha ile ya shimo la 4, inayotazamana na nyumba yake. Zamu inayofuata mwenye kete hiyo anaongeza nyingine hapo na kuila nyumba nzima yenye kete 6, kabla mchezo haujachangamka. Njia salama kwake ni kula kwa nyumba, na hata hivyo atapoteza kitu kidogo katika shimo la 6. Anayelazimishwa kula halazimishwi kuchagua vibaya, ila ametolewa kwenye mpango wake na kuwekwa kwenye mpango wa mwenzake.

Mwanya wa pili umo katika mwelekeo wa kusambaza. Kete zilizoliwa kwa mashimo manne ya katikati, la 3 hadi la 6, zinaweza kusambazwa kutoka kichwa cha kushoto au cha kulia, kwa hiari ya mlaji anapoanza zamu. Zilizoliwa kwa kichwa chenyewe, au kwa shimo la jirani yake linaloitwa kimbi, hazina hiari hiyo, kwani lazima zianzie kichwa kilicho karibu. Watu wengi huichukulia kanuni hii kama utaratibu tu wa mikono. Fundi huiona kama hatamu ya kumwongoza adui. Akitaka mpinzani asambaze kuelekea kulia, humwachia chambo mbele ya kimbi cha kushoto na kuhakikisha hakuna cha kula kwingine. Mpinzani anakula kwa sababu ni wajibu, anasambaza upande mmoja kwa sababu hana mwingine, na kete yake ya mwisho inatua pale palipokwisha kuhesabiwa. Isitoshe, kula kwenye kimbi katikati ya zamu kunaweza kugeuza mwelekeo wa msafara mzima, na hesabu iliyokuwa ikienda kushoto ghafla inaanza upya kutoka kichwa kingine. Wanaoshindwa kuhesabu mbali hushindwa hapo zaidi ya mahali pengine popote.

Nyumba ina sheria zake peke yake, na zote zinaweza kuchezewa. Maadamu ina kete 6 au zaidi na mwenyewe hajaichota, nyumba ni hai. Kete ya mwisho ya zamu ya kula ikiingia nyumba hai bila uwezekano wa kula, mwenyewe anachagua: kulala hapo, au kusafiri, yaani kuzichota zote na kuzisambaza. Hakuna shimo lingine lenye hiari hii. Akisafiri, nyumba imekufa na hairudi tena. Akikaa, inazidi kunona na kuwa tamaa ya adui. Uamuzi wa lini kusafiri ndio unaopima ufundi wa hatua ya kunamua. Anayesafiri mapema hupata wimbi moja kubwa la kete na kubaki bila akiba. Anayechelewa huliwa vyote.

Palipo na mwanya hasa ni katika kanuni ya ushuru. Kwa kawaida anayetakata hawezi kuanzia nyumba hai. Lakini ikiwa safu yake ya mbele imebaki na nyumba peke yake, hana pengine pa kuanzia, na kanuni inampa nafuu: anatia kete moja katika nyumba, anatoa mbili tu, anazisambaza, na akiba iliyobaki haiguswi. Mchezaji mwenye nyumba kubwa anaweza kuufukuzia umaskini huu kwa makusudi. Anahamisha kete zake nyuma, safu ya mbele inakauka, adui hana cha kula, na yeye analipa ushuru mdogo huku akisubiri. Katika bao la Kiswahili safu ya nyuma hailiwi kamwe, kwa hiyo kete zilizokimbilia huko zimo salama. Hatari yake ni kubwa kadiri ya faida. Adui akifanikiwa kuifikia nyumba hiyo, safu ya mbele inabaki tupu na mchezo umekwisha huku kete zingali mkononi. Ushindi wa namna hiyo huitwa mkononi, nao ni fedheha kwa aliyeshindwa. Mwanya wa ushuru unamfaa anayeweza kuhesabu kila njia ya adui kuelekea nyumba. Kwa asiyeweza, kujilinda kwa kusafisha safu ya mbele ni kujitia kitanzi.

Katika hatua ya mtaji inaingia kanuni nyingine ya namba. Shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanzisha kula. Sababu yake inaonekana kwa kuhesabu: kila mchezaji ana mashimo 16, na kete 16 zikisambazwa zinazunguka eneo lote na ya mwisho inarudi pale pale zilipochotwa. Matokeo yake ni kwamba utajiri uliopita kiasi unanyamaza. Mchezaji anayejua hili huacha shimo la nyuma la mpinzani lijae, badala ya kuhangaika kulipunguza, kwa sababu kete ya 16 ikishaingia, silaha hiyo imefungwa na haitamdhuru mtu mpaka ipatikane njia nyingine ya kuigusa.

Lakini kanuni inayowatoa jasho hata wazoefu ni kutakasia, na maelezo yake yanahitaji subira. Katika hatua ya mtaji mchezaji mmoja hana cha kula, naye anatakata. Baada ya kutakata kwake mpinzani pia hana cha kula, kwa hiyo naye atatakata. Sasa ikiwa yule wa kwanza anatishia kula shimo moja la mpinzani katika zamu ijayo, na ni shimo moja tu, basi shimo hilo limetakasiwa: mpinzani haruhusiwi kulichota ili kulikimbiza. Lazima atakate kwa shimo lingine na kuliacha lile likisubiri kuliwa. Vipo visamehewa vitatu. Shimo likiwa nyumba hai halitakasiwi. Halitakasiwi pia likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, wala likiwa ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja.

Uzito wa kanuni hii umo katika maneno “shimo moja tu”. Mchezaji akitishia mashimo mawili kwa pamoja, hakuna lililotakasiwa, na mpinzani yu huru kulichota lolote. Tishio kubwa linakuwa dhaifu kuliko dogo. Katika mchezo wowote mwingine wa vita, kushambulia sehemu mbili kwa mara moja ni ushindi nusu; katika bao mara nyingi ni kosa. Kwa hiyo fundi anapotakata hupima njia zake mbili au tatu na kuchagua ile inayotishia kidogo, hata kama macho ya watazamaji yanaona kwamba ameacha chakula. Amebana shimo moja, na zamu ijayo atalila likiwa limejaa.

Anayejitetea naye ana mianya yake, na ni ya kupendeza zaidi. Akiona kwamba shimo lake linaelekea kutakasiwa, anaweza kujipanga mapema ili liwe miongoni mwa visamehewa. Anazitawanya kete nyingine za mbele ziwe moja moja, ili lile linalotishiwa libaki peke yake lenye zaidi ya moja, na kanuni inalazimika kumwachia alichote. Au anajiongezea hatari: anaweka kete mahali pengine panapoliwa, ili vitisho viwe viwili na kizuizi kiondoke. Kujitoa mhanga kwa shimo la kete 2 ili kulifungua shimo la kete 9 ni biashara nzuri. Mtu asiyejua kutakasia akilitazama tendo hili atadhani mchezaji amepitiwa.

Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyekaa na mabingwa wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake huko Leiden mwaka 1995, aliuchunguza ufundi huu kwa kuuliza akili ya mtu inaweza kufuata bao hadi wapi. Swali lenyewe lina msingi. Zamu moja inaweza kupita mizunguko mingi, na kila kula kunabadilisha mashimo ambayo zamu hiyo hiyo itayakuta tena mbele. Mwaka 2006 yeye na wenzake wawili, Tom Kronenburg na Jeroen Donkers, walichapisha makala kuhusu zamu za bao ambazo haziishi kabisa: mpangilio wa kete ambamo mchezaji akianza kusambaza, kete zinazunguka bila kulala hata milele. Mkono wa binadamu hauwezi kuthibitisha jambo kama hilo barazani. Ilihitajika hesabu ya kompyuta. Hata hivyo kuwapo kwake kunaonyesha kwamba kanuni chache za mashimo na kete zina pembe ambazo hakuna mzee aliyewahi kuzikusudia.

Omweso wa Uganda, ambao ulichezwa katika ikulu ya Buganda, una ubao wa mashimo 32 na kete 64 kama bao, ila mianya yake ni mingine. Huko, ili kete za adui ziliwe, shimo lake la mbele na lile la nyuma yake lazima yote mawili yawe na kete, na zote zinaliwa pamoja. Basi ulinzi ni kuacha pengo: shimo la nyuma likiwa tupu, mali iliyo mbele yake haigusiki, hata ikiwa nyingi. Mchezaji wa bao anayehamia omweso hujihisi amevuliwa nguo, kwa sababu safu ya nyuma aliyozoea kuiona kama ngome inaliwa mbele ya macho yake. Baadaye anagundua kwamba utupu ndio ngome mpya. Omweso una pia ushindi wa ghafla unaoitwa emitwe-ebiri, wa kula vichwa vyote viwili vya adui katika zamu moja. Anayezidiwa kete vibaya bado ana njia hiyo ya kumaliza vita, na mwenye nyingi hathubutu kusinzia.

Majeshi halisi yaliwahi kukutana na tatizo hili hili la mianya ya kanuni. Mwaka 1824 Prussia ilipokea mchezo wa vita wa Luteni Reisswitz, wenye ramani, vipande vya vikosi, dadu na mwamuzi, kwa ajili ya kuwafunza maofisa. Kanuni zake ziliendelea kuongezeka kwa miongo, hadi maofisa wakawa wanapigana zaidi na kitabu kuliko na adui. Mwaka 1876 Jenerali Verdy du Vernois alipendekeza dawa kali: kanuni nyingi zitupwe na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue. Mianya ilizibwa, lakini gharama yake ilikuwa kwamba mchezo sasa ulisimama juu ya busara ya mtu mmoja.

Gharama hiyo ilionekana wazi mwaka 2002 nchini Marekani, katika zoezi kubwa lililoitwa Millennium Challenge. Jenerali mstaafu Paul Van Riper alipewa uongozi wa upande wa adui. Badala ya redio ambazo zingenaswa, alituma amri kwa wajumbe wa pikipiki, kisha akashambulia kwa makombora na boti ndogo nyingi. Meli 16 za kivita zikazama katika hesabu ya mchezo. Waamuzi wakasimamisha zoezi, wakazifufua meli, na kuweka masharti mapya yaliyomfunga mikono. Yeye akajiuzulu nafasi hiyo. Mchezo uliokusudiwa kufichua udhaifu uliufichua, kisha ukakataa kuusikiliza.

Miaka 20 kabla yake, mtaalamu wa kompyuta Douglas Lenat alikuwa amelithibitisha jambo hilo kwa mashine. Programu yake iliyoitwa Eurisko ilisoma kanuni za shindano la vikosi vya vyombo vya anga na mwaka 1981 ikashinda kwa kundi kubwa la vyombo vizito visivyo na mbio, muundo ambao wachezaji wa kibinadamu waliudharau. Waandaaji wakabadilisha kanuni. Mwaka 1982 ikashinda tena, mara hii kwa kuviangamiza vyombo vyake vyenyewe vilivyoharibika, ili mwendo wa kikosi usishushwe na wagonjwa. Waandaaji wakasema ikirudi watafuta shindano, na Lenat akaacha.

Bao halikuchagua njia ya mwamuzi wala ya kubadilisha kanuni kila mwaka. Mianya yake imebaki ndani, imepewa majina na kufundishwa, na kila mwanya umepata kinga yake. Kutakasia kuna visamehewa vitatu, nyumba ina ushuru, shimo kubwa lina ukomo wa 15. Kanuni za namna hii hazionekani kama zilizotungwa kwa siku moja, kwani kila moja inajibu hila ambayo ingeuharibu mchezo kama ingeachwa. Ndiyo maana bao la kujifunza, ambalo limeondolewa hatua ya kunamua, ni mlango mzuri lakini ni makao duni. Aliyekomea hapo amejifunza kusambaza kete, wala hajajifunza bao.

Tatizo la kweli ni kwamba kanuni hizi hurithishwa kwa mdomo zaidi kuliko kwa maandishi, na baraza hutofautiana na baraza. Anayeketi kucheza na mtu wa mji mwingine akubaliane naye kabla ya kete ya kwanza kuwekwa: nyumba hai inahesabiwa kuanzia kete ngapi, ushuru unalipwaje, kama kutakasia kunafuatwa pamoja na visamehewa vyake vyote, na zamu isiyokwisha itaamuliwa vipi. Na mwenye mzee anayelijua bao la kunamua amwombe ayaeleze hayo polepole, ayaandike kama alivyoambiwa, kisha aketi naye ubaoni wayajaribu moja moja.